Sura ya Ukuta wa Sokoni

Kama kuna mtu ambaye hakustahili kubandikwa ukutani kuwa mfano wa mama mkwe katili, basi ni yule fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Pindo. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu nguo haikutoka mikononi mwake kabla hajaligeuza pindo nje ndani, akalivuta, akalipitishia kidole. Uzi ukiwa umelegea mahali, mteja alirudi nyumbani mikono mitupu hata kama harusi ilikuwa kesho yake. Wapo waliomsema kwa hilo, na yeye aliwaacha waseme. Kusemwa kwa ajili ya pindo ni jambo moja. Kusemwa kwamba una roho mbaya ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili lilimfika bila yeye kumfanya mtu chochote.

Alikuwa mjane wa mwaka mmoja na ushei. Marehemu mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole wa maneno machache, na tangu macho ya mkewe yalipoanza kuchoka, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikaa kwenye kiti cha wateja akamtungia sindano. Alizichomeka kwenye kimto chekundu, kila moja na rangi yake ya uzi, ili mkewe asihangaike mchana. Alipofariki, kimto kilibaki na sindano za siku ile ya mwisho. Bi Pindo hakuzigusa. Alinunua nyingine, akawa anamsumbua kila mteja mwenye macho mazima amtungie, na aliyekataa alijua gauni lake litachelewa.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, wa kiume, fundi umeme, kijana asiye na makuu. Naye alikuwa amempata binti anayefanya kazi kwenye duka la dawa. Wazazi walikuwa wameshasalimiana kwa simu, wakachekeana vizuri, na ikapangwa kwamba Jumamosi Bi Pindo aende na ndugu zake nyumbani kwa kina binti wakajuane uso kwa uso. Kwa ajili ya siku hiyo alijishonea gauni la kijani, nguo yake ya kwanza yenye rangi tangu msiba. Lilikuwa linaning'inia mlangoni, limeshapigwa pasi.

Jumatano mchana kijana akaingia kibandani, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akashika kichwa.

"Mama, Jumamosi hatuendi tena."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Mama yake amesema tusubiri kwanza. Anasema hana haraka ya kumtoa mwanawe aende mahali asipopajua."

"Asipopajua vipi? Si wiki iliyopita tu tumeongea naye, akaniuliza napenda chai ya maziwa au ya rangi?"

Kijana alitazama sakafu. "Umeenda sokoni siku hizi?"

"Nikafanye nini huko, na nyuzi naletewa hapa hapa?"

"Nenda upande wa vyombo. Angalia ukuta."

Alikwenda vile vile alivyokuwa, futi ya kupimia shingoni na chaki kidoleni. Na kweli, hakuhitaji kutafuta. Kwenye ukuta mrefu unaotazamana na wauza vyombo, pale ukumbi wa sinema unapobandika mabango yake, ulikuwa uso wake mwenyewe, mkubwa kuliko mlango. Taa nyekundu ilimpiga kutoka chini, kidevu kikawa kama cha mtu anayekula watoto. Taya zilikuwa zimekazwa. Kwenye mkono wa kushoto lilining'inia furushi la funguo. Macho yalitazama chini, na huko chini, kwenye pembe ya bango, binti mdogo alikuwa amepiga magoti na tambara la kudekia, akiinua uso kama anayeomba asipigwe. Filamu iliitwa *Funguo za Mkwe*. Chini ya jina kulikuwa na swali kwa herufi nyeupe: Je, wewe ungevumilia?

Wanawake watatu walikuwa wamesimama mbele yake na vikapu vyao, wakiguna.

"Huyu si Bi Pindo, yule fundi?" akauliza mmoja.

"Ndiye. Kumbe siku hizi anaigiza."

"Aigize nini. Hapo mbona haigizi."

Wakacheka, wakaenda zao, hawakujua kwamba mwenye sura yuko nyuma yao. Bi Pindo alibaki pale na futi yake shingoni, na damu ikimchemka mpaka masikio yakaziba. Hakuwahi kusimama mbele ya kamera ya filamu maisha yake yote. Hata ukumbini hakuwa ameingia miaka mingi.

Sasa hapa lazima nieleze jinsi hawa watu wa mabango wanavyofanya kazi, kwa sababu bila kujua hilo mtu anaweza kudhani ni bahati mbaya tu. Si bahati mbaya. Filamu ni moja, lakini mji una kuta nyingi, na kila ukuta una watu wake. Ile ile *Funguo za Mkwe*, ukienda upande wa magereji, bango lake lilikuwa gari linawaka moto na mwanamume mwenye kovu shavuni, maana mafundi magari hawatoki kazini na mafuta mikononi wakaone mambo ya mama mkwe. Ukienda karibu na chuo, lilikuwa vijana wawili chini ya mwavuli mmoja, mvua inanyesha, pua zinakaribia kugusana. Sokoni wakaweka jicho la Bi Pindo. Anayezunguka mji mzima kwa mguu angeapa kwamba zinakuja filamu tatu. Lile gari, wanasema walioiona, liliwaka kwa muda wa chafya moja, na mwenye kovu alikuwa mlinzi wa geti aliyesema "karibuni" akaondoka. Lakini tiketi ikishakatwa haina pa kurudishwa. Hiyo wanaiita kazi, na inayo masomo yake na vyeti vyake.

Mtengenezaji wa mabango hayo Bi Pindo alimjua kama anavyokijua kiganja chake. Alikuwa mtoto wa kaka yake. Ofisi yake ilikuwa chumba cha ghorofani juu ya duka la kutoa nakala, na pazia la dirishani lilishonwa na shangazi huyo huyo, bure, kama zawadi ya kufungua ofisi. Alipopanda zile ngazi siku hiyo alikuwa amefura kiasi kwamba mwenye duka la nakala alimsalimia akaishia kujiitikia mwenyewe.

"Shangazi, karibu," kijana akasema, akasimama, akamvutia kiti. "Kaa upande huu, feni ndiko inakofika."

"Sikuja kupepewa. Nimetoka sokoni."

Uso wa kijana ulibadilika kidogo, kisha ukajipanga upya. "Umeliona."

"Kila mtu ameliona. Mimi ndiye wa mwisho."

"Shangazi, nilidhani hutajulikana. Nyusi nimeziongeza. Na hereni zile si zako."

"Kwa hiyo hereni ndizo zingenificha. Uso mzima mkubwa kama geti, wewe unategemea hereni." Hakukaa. "Haya, niambie. Filamu ina mwigizaji wake, amelipwa, ana uso wake. Kwa nini usimweke yeye?"

Kijana, masikini, alifikiri ameulizwa swali la kazi, na swali la kazi humtoa mtu huyu kwenye aibu yoyote. Akaanza kueleza kwa mikono. Mwigizaji mwenyewe, alisema, ana uso wa upole. Anapoigiza unamwogopa, lakini ukimpiga picha akatulia, anaonekana kama mtu anayetaka kukukopesha sukari. Wanawake wa sokoni wana mizigo, wana haraka, na mtu mwenye haraka hasimamishwi na upole. Mafundi wa magereji husimama kuangalia kitu kinachovunjika. Wanafunzi husimama kuangalia kitu wanachokitamani. Wanawake wenye nyumba zao husimama mbele ya uso ambao wangependa kuujibu. Kila mmoja ana mtu wa namna hiyo maishani, mkwe au wifi au mwajiri, aliyemmezea maneno. "Ukiwapa uso huo ukutani," alisema, "wataingia ukumbini kumwona akipata malipo yake. Maonyesho ya mchana yamejaa, shangazi. Meneja anasema hajawahi kuona sokoni kukitoa watu hivi."

"Na kwangu ndiko ukaona uso wa kujibiwa."

"Si kwako. Kwenye picha."

"Picha gani? Mimi umenipiga lini nimenuna namna ile?"

Hapo ndipo kijana alipoishiwa mikono. Akashika kikombe kilichokuwa kitupu, akakiweka. "Ilikuwa kwenye mafaili yangu," akasema. "Nilikuwa natafuta tu uso wenye uzito."

"Nionyeshe."

"Shangazi, haina haja."

"Nimesema nionyeshe."

Akageukia kompyuta, akafungua, akasogea pembeni kama mtu anayempisha mgonjwa.

Ilikuwa picha ya makaburini. Kijana huyu ndiye aliyeombwa na familia apige picha za msiba, kwa kuwa ana kamera nzuri, na yeye akapiga zote kwa moyo mmoja, bila kudai kitu. Katika hii, Bi Pindo alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi, taya zimekazwa kwa sababu alikuwa amejiapiza asipige kelele, maana mumewe hakupenda kelele. Macho yalitazama chini. Huko chini, mahali ambapo kwenye bango palikuwa na binti na tambara lake, lilikuwa jeneza linateremshwa kwa kamba.

Mimi hasira zangu, nikifika hapa, huwa sizifichi. Mtu amesimama anamzika mwenzake, amejibana asianguke, na mtu wa damu yake anakuja kulichukua jicho lile lile, analikata, analiwekea taa nyekundu chini ya kidevu, anamwekea mtoto wa watu mahali pa marehemu, kisha anauliza soko zima kama lingevumilia. Na hakuwa adui. Alikuwa kijana aliyelia msibani. Alipokaa mbele ya kompyuta aliona uso wenye uzito, basi, na hakujiuliza uzito ule umetoka wapi.

"Sikufikiri," kijana alisema.

"Ulifikiri sana. Umenieleza sasa hivi ulivyofikiri." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliyeketi sokoni mbele ya huo ukuta ni mama yake yule binti anayechumbiwa na mwanangu. Anauza sufuria pale. Wiki nzima ananiona nikimtazama mtoto aliyepiga magoti. Jumamosi wametufungia mlango."

Kijana alishika mdomo. Hilo hakuwa na habari nalo. Lakini mara, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezoea kutengeneza kuliko kuomba radhi, akapata wazo, na macho yakang'aa.

"Nalitengeneza. Ngoja uone."

Akavuta kiti. Akafuta binti na tambara. Mahali pake akaweka mtoto mchanga amelala kwenye shuka jeupe. Taa nyekundu akaigeuza ya manjano, kama jua la asubuhi dirishani. Funguo akazitoa, akaweka kitambaa laini. Uso hakuugusa hata kidogo. Na kwenye kioo akatokea bibi anayemtazama mjukuu wake wa kwanza, taya zimekazwa kwa sababu anajizuia asilie kwa furaha.

"Hii nakwenda kuibandika leo leo juu ya ile," kijana akasema. "Meneja nitamwambia ni toleo la familia, lipo la namna hiyo, tunaliweka filamu ikiingia wiki ya pili, kuwavuta walio na watoto. Mama yake binti akiinua kichwa kesho, hatakuwa na neno. Atawaita mwenyewe."

Na angewaita, hilo msidanganyane. Bi Pindo alilijua pia. Gauni la kijani lilikuwa mlangoni, na mwanawe alikuwa nyumbani ameshika kichwa, na hapa palikuwa na dawa tayari, haihitaji hata kumezwa. Aliuangalia ule uso wake unaocheka ndani kwa ndani kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo.

"Uso ni ule ule," alisema.

"Ule ule kabisa. Uzuri wake ndio huo."

"Kwa hiyo ningekuwa nazika, ningekuwa natesa, ningekuwa nabembeleza, kwako ni sawa. Mimi ni ndoano tu, wewe unabadilisha chambo."

"Shangazi, hii inakusaidia."

"Futa. Yule ndani ya jeneza ana jina, na ulimwita mjomba tangu huna meno. Umemfuta mara ya kwanza ukaweka binti wa kudeki, sasa unamfuta mara ya pili unaweka mtoto, na unataka nikushukuru." Akavuta pumzi. "Mrudishe. Picha yote, kama ulivyoipiga, hadi pembeni. Nitolee moja kwenye karatasi. Na lile la ukutani kaliondoe."

Karatasi kijana aliitoa. La ukutani alisema haliko mkononi mwake tena, limeshakuwa la ukumbi, meneja hakubali kushusha kitu kinachojaza viti. Bi Pindo alimtolea uvivu hapo, alimwambia maneno ambayo mwenye duka la nakala chini aliyasikia yote na hakuyasahau, lakini bango halikushuka. Liliondoka filamu ilipoondoka, si siku moja kabla. Mniambie hapo nani alikuwa na roho mbaya.

Alirudi sokoni moja kwa moja. Mama yake binti alikuwa amekaa katikati ya sufuria zake, mwanamke mnene wa sura ya kazi, na alipomwona nani anakuja alijiinua nusu, akajaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. Nyuma ya Bi Pindo, ng'ambo ya njia, ule uso mwingine ulikuwa umeinama juu yao wote wawili.

"Karibu," alisema. "Sikukutegemea."

"Najua. Naomba dakika zako." Bi Pindo akaweka karatasi juu ya beseni lililofunikwa kifudifudi. "Angalia hii, halafu uangalie ile."

Yule mama aliangalia. Mwanzo alikunja uso, kisha akainua macho ukutani, akayarudisha. Akapangusa mikono kwenye sketi yake kabla ya kuishika karatasi.

"Huyu ni mumeo," alisema.

"Ndiye."

"Tangu wateja waliponiambia kwamba yule ndiye wewe, nimekaa na jicho hilo wiki nzima. Kila nikiinua kichwa, naona linamtazama mwanangu. Usiku nalala nalo."

"Ungeniuliza. Kibanda changu kipo hapo nyuma, unafika kabla maji hayajachemka."

"Ningekuuliza nini? Kwamba, wewe mama, una roho mbaya?"

"Ndiyo. Ungeuliza hivyo hivyo. Ningekujibu. Mtu anaulizwa. Ukuta ndio usioulizwa."

Yule mama alikuwa bado anaikagua picha, na kidole chake kilikuwa kimefika pembeni, upande wa kushoto, mahali ambapo kwenye bango paliwekwa funguo. Hapo palikuwa na mkono mwingine. Ulikuwa umemshika Bi Pindo kwapani, vidole vimezama kwenye nguo, na ukiufuata mkono huo unamfikia kijana aliyesimama amejipinda ubavu ili uzito wa mama yake umwangukie yeye.

"Na huyu aliyekushika?"

"Mwanangu. Magoti yaliniisha nguvu, akanishika tangu getini mpaka mwisho."

"Mbona hata yeye analia."

"Analia. Lakini hakuachia."

Mama yake binti alikaa na picha ile mkononi, wateja wawili wakauliza bei ya kikaango wakaenda bila kujibiwa. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya blauzi, akasema inabaki kwake mpaka binti aione, na kwamba Jumamosi waje mapema, chai itakuwa ya maziwa kama walivyoongea kwenye simu. Bi Pindo aliitikia. Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani, na hakuiambia itoke.

Njia ya kurudi ilipita chini ya ukuta. Wanawake wengine walikuwa wamesimama pale, mikono viunoni, wakisoma lile swali jeupe. Mmoja alikuwa anawaeleza wenzake kwamba ukiangalia vizuri, yule mkwe anafurahia kabisa mateso ya yule mtoto, yaani inaonekana machoni. Akageuka, akaona mtu amesimama karibu naye na futi shingoni, akitazama kama wao.

"Na wewe, mama, filamu umeshaiona?" akamuuliza.

"Sijaiona," alisema Bi Pindo. "Nilikuwepo."